Mtoto si mkalimani wako

Waliingia wawili, mama mbele binti nyuma, lakini kwenye kukaa binti ndo akachukua kiti cha karibu na mimi, mama akaenda kwenye kile cha ukutani. Binti alikua na kama miaka 12 hivi, sweta ya shule imechakaa viwiko, na mkononi kashika ile faili ya plastiki ambayo karibu kila familia ya wakimbizi hapa Kampala inayo, ndani kuna karatasi zote, barua za ofisi, kadi za kliniki, ripoti za shule, risiti za kodi ya nyumba. Faili anayo mtoto. Hilo peke yake lilitakiwa liniambie kitu ila siku ile sikulishika haraka.

Nikawasalimia kwa Luganda, mazoea tu, Kampala kila mtu unamuanzia na Luganda. Binti akanijibu Luganda safi kabisa, ile ya mtaa wa Katwe yenye mikogo, alafu akamgeukia mama yake akamtafsiria kwa Kiswahili cha Kivu, mashariki ya Kongo. Hapo ndo nilipaswa kusema jamani Kiswahili nakijua, na nilishafungua mdomo, lakini mama akawa ameshaanza kuongea na mtu aliyenyamaza miezi akianza kuongea humkatizi, basi nikatulia nikasikiliza.

Mama akasema, sauti iko chini, kwamba tangu bale batu bafike kwake usiku ule yeye halali, akifunga macho anawaona. Alafu akasema, "Siku zingine naangaliaka huyu mutoto, naona heri tungekufa bote siku moya."

Binti akanigeukia. Akatabasamu kidogo, akasema kwa Luganda, mama anasema kichwa kinamuuma, anaomba dawa ya usingizi.

Nimefanya hii kazi ya kaunsela wa watoto na familia miaka mingi, nimesajiliwa, nina vyeti ukutani, na bado sekunde zile sikujua niweke wapi uso wangu. Sababu yule mtoto hakua anadanganya. Alikua ameyasikia yale maneno yote, na lile la kufa pia, la kwake yeye, ameyameza palepale, akatoa jingine dogo ambalo mtu wa ofisini anaweza kulibeba. Na amelifanya kwa haraka ya mtu aliyezoea. Nikajiuliza kwa mwezi anameza mangapi.

Nikamjibu mama kwa Kiswahili. Nikasema mama, nimekusikia, pole sana.

Mama akaanza kulia. Binti yeye aliniangalia kwa jicho ambalo sikulitegemea. Mi nilidhani atashusha pumzi, kwamba mzigo umetuliwa. Kumbe alikasirika, alikasirika kabisa kabisa, akafunga faili akaikumbatia kifuani na miezi miwili iliyofuata hakunipa hata sentensi moja iliyokamilika.

Nitarudi kwake. Kwanza niseme hiki Kiswahili nimekitoa wapi maana watu wananiuliza sana, Mganda wa Masaka na Kiswahili wapi na wapi.

Mi ni mtoto wa kambini. Baba alikua mwanajeshi, tumekulia Jinja kisha Mbuya, na jeshi la hapa tangu enzi za KAR (King's African Rifles), lile jeshi la Mwingereza, limeongea Kiswahili, Mwacholi na Mnyankole na Mlugbara watasikilizana vipi tena. Watoto wa kambi tulicheza kwa Kiswahili, tuligombana kwa Kiswahili. Lakini likizo tukienda kwa jajja kijijini ilikua marufuku. Jajja alikua anasema hiyo ni lugha ya watu wanaogonga mlango usiku. Waliopitia miaka ya 70 wanaelewa, enzi za Amin ukisikia Kiswahili nje ya mlango wako ujue ni askari au ni mwizi, na siku zingine ni yule yule mmoja. Basi katiba ikarekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha tena kama lugha rasmi ya jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, kifundishwe mashuleni, lakini nenda kaongee Kiswahili na mama wa makamo pale soko la Nakasero uone atakavyokaza mkoba wake.

Kwahiyo nina wateja ambao nikiteleza neno moja la Kiswahili wanaganda, na wengine, Wakongomani wa Katwe, Nsambya, Makindye huko, ambao ndo lugha pekee inayowafungua. Lugha ileile. Chuoni hawakunifundisha hilo. Walinifundisha kwa Kiingereza tupu, na ukitaka kucheka jaribu kumuuliza mama wa Uvira kama ana "sonona," yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito. Neno liko kwenye kamusi ila sijawahi kukutana na mtu anayelitumia nyumbani kwake. Wao wananiambia nina mawazo mingi, roho inauma, kichwa inawaka moto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walienda vijiji vya Masaka na Rakai, kwetu kabisa, na kabla ya kuleta dawa yao ya maneno waliuliza kwanza watu huu ugonjwa nyie mnauitaje, wakapewa majina mawili, yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Alafu ndo wakaanza vikundi, watu wanakaa pamoja kila wiki kwa wiki 16 wanaongea, kwenye vijiji 30 nusu wanapata kikundi nusu hawapati, na waliokaa kwenye vikundi huzuni ilishuka sana kupita wenzao. Vikundi viliongozwa na watu wa hukohuko wanaoongea Luganda waliopewa mafunzo mafupi tu, wala hawakua madaktari. Mi hiyo habari huwa nawaambia wanafunzi wangu wa fildi, uliza jina kwanza.

Sasa turudi kwenye watoto kutafsiri, maana hapa mi mwenyewe si msafi.

Nikiwa bado mwanafunzi niliwekwa kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nje ya mji. Akaletwa mama mjamzito anaongea Kinyabwisha tupu, lugha ya huko Kongo, ameandamana na mtoto wake wa kiume wa miaka kama tisa. Ikaonekana mtoto wa tumboni hayuko hai. Na hakuna mtu pale anayejua lugha yao isipokua yule kijana. Nesi alikua amechoka, foleni imetoka mpaka nje, akamwambia kijana kwa Luganda, mwambie mama yako mtoto amekufa. Kijana akasimama pale. Akatuangalia mmoja mmoja. Alafu akamwambia mama yake sentensi ndefu sana, ndefu kupita ile aliyopewa, mpaka leo sijui alimwambia nini. Mi nilikua nimesimama na daftari yangu. Sikufanya kitu. Nesi simlaumu peke yake, mimi nilikua ndo "mtu wa ushauri" pale na niliandika kwenye daftari kwamba taarifa ilifikishwa.

Basi nilipopata chumba changu sheria ya kwanza ikawa hiyo, hapa mtoto hatafsiri. Akija familia ambayo lugha yao siijui natafuta mkalimani mtu mzima, namlipa, na si jirani wala si ndugu wa kanisani kwao, maana siri ya mtu itafika nyumbani kabla yake. Akiwa mama ana mambo ya mwili natafuta mwanamke. Na lazima uulize kwa upole mkalimani ni kabila gani, usilete mtu ambaye mgonjwa akimwona tu anaona upande ule uliochoma nyumba yake, mapigano ya Ituri na Minembwe kule Kongo yanavuka mpaka na watu wake. Anakaa pembeni kidogo, sio katikati yetu, anasema "mimi" pale mama anaposema "mimi," asigeuze ikawa "anasema kwamba." Na wakishaondoka namkalisha mkalimani mwenyewe dakika 10, chai, tunaongea, sababu na yeye ni mtu na maneno yale yamepita kinywani mwake. Wengi wanasahau hilo. Ni gharama ndio. Kuna wateja wa upande wa Muyenga wanaolipa vizuri, wale ndo wanawabeba hawa bila kujua.

Siku ile ya faili basi. Nilimwomba mama tubaki wawili, binti akatoka na mwenzangu kwenda kunywa soda, kwa shida. Nikamuuliza mama moja kwa moja, hilo la kufa, umeshapanga kitu? Watu wanaogopa kuuliza, wanadhani utampa mtu wazo, hapana, wazo lipo tayari, ukiuliza unamwonyesha tu kwamba hayuko nalo peke yake. Hakua amepanga. Ila tuliweka mambo, nani alale karibu yake wiki hiyo, ampigie nani usiku ikizidi, na nikampigia mtu ninayemfahamu Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, ili tukihitaji daktari tusianze kutafuta njia. Kesho yake asubuhi nikampigia mama. Akapokea. Nikakaa kitandani dakika nzima kabla sijainuka.

Mama kidogo kidogo akaanza kufunguka, hayo ni yake siandiki, na hata haya mengine nimeyachanganya na kuyageuza ili hata jirani yake akisoma asimjue. Mimi nataka niongelee binti.

Kuna mzee mmoja alikua anaitwa Salvador Minuchin, alizaliwa Argentina akafanya kazi Marekani, Philadelphia huko, na familia maskini, na aliandika sana kuhusu mtoto anayewekwa kwenye kiti cha mzazi. Mtu anasoma hivo anakimbilia kusema ni vibaya, mtoto avuliwe hayo majukumu leo leo. Lakini Minuchin hakusema hivo. Alisema mpangilio ule unaweza kwenda vizuri kama mzazi ndo amempa mtoto ile kazi kwa maneno, mpaka wake unajulikana, na mzazi amebaki mzazi. Shida ni pale mtoto anaposhika usukani kwa sababu hakuna mtu mwingine kwenye gari. Nakubaliana nae. Afrika yetu hii nani hajalea wadogo zake? Mi nimebeba mdogo wangu mgongoni mpaka akaota ndevu, na sijaharibika, au nimeharibika kidogo tu.

Huyu binti alifika Uganda shule zikiwa zimefungwa kwa korona. Zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa zote Januari 2022, karibu miaka miwili, sijui nchi nyingine iliyofunga hivo. Basi watoto wenzake walikua mtaani mchana kutwa na yeye Luganda akaikota hapo, kwa miezi tu, mama yake akiwa ndani na vitenge vyake vya kuuza. Hapa mkimbizi sheria ya 2006 inamruhusu afanye kazi na akae atakapo, lakini ukichagua Kampala badala ya kambi kama Nakivale ujue shamba hupewi, utajitafutia mwenyewe. Shule zilipofunguliwa binti akarudishwa darasa la nyuma kwa sababu ya Kiingereza, anakaa na watoto wadogo kwake kwa miaka mitatu, goti haliingii chini ya dawati. Darasani ni mjinga. Akitoka nje ya geti ni mtu mkubwa. Mwenye nyumba anaongea nae yeye, kliniki inaongea nae yeye, polisi pia. Baadae nikaja kujua kwamba hata majirani walikua wanamchukua, shilingi 500, elfu moja, twende unitafsirie.

Unaelewa sasa kwanini alinikasirikia. Nilimfukuza kazi. Mbele ya mama yake, kwa Kiswahili cha kambini kibovu kuliko chake.

Miezi ile miwili alikua anakuja Jumamosi anakaa. Nina beseni la mchanga chumbani, mchanga wa ujenzi nimeuchekecha mwenyewe, na vitu vidogo vidogo, vinyama, vigari, wanasesere wa byayi, yaani maganda ya mgomba, vifuniko vya soda. Kutumia mchanga na mtoto sio uvumbuzi wangu, daktari Margaret Lowenfeld alianza London miaka ya 1920 mwishoni huko, aliona watoto wanaeleza dunia yao kwa vitu kabla ya maneno. Mi nikasema na huyu mwenye maneno ya lugha tatu labda ndo amechoshwa nayo. Akawa anapanga. Kila Jumamosi kitu kilekile, foleni. Vifuniko vya soda kwenye mstari mrefu, na mwisho wa mstari kifaru mmoja. Sikuuliza. Jumamosi ya sita au ya saba akamchukua kifaru akamzika. Nikasema, "ehe." Akasema, "ofisi imefunga, anti."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, na yeye akacheka, na hapo ndo tukaanza.

Tukachora Mti wa Uhai, hii namshukuru mwanasaikolojia wa Zimbabwe anaitwa Ncazelo Ncube, yeye na mwenzake David Denborough wa Australia ndo waliutengeneza kwa ajili ya watoto waliopoteza watu. Mizizi ni ulikotoka, ardhi ni maisha yako ya sasa, shina ni unachokiweza, matawi ni unachotamani, majani ni watu wako, matunda ni ulichopewa. Dhoruba mnaiongelea baadae, mtoto akiwa tayari ameshajiona amesimama. Kwenye shina aliandika kwa herufi kubwa, NAJUA KUTAFSIRI. Alafu akaongeza kwa herufi ndogo, na kupika fufu. Kwenye matawi hakuandika kitu wiki mbili. Wiki ya tatu akaandika "kupumzika," akafuta, akaandika "kucheza timu ya shule," akaacha.

Sasa kikao cha familia, nilidhani kitakua rahisi, kumbe ndo kilikua kigumu. Alikuja mama na mjomba wao aliyetoka Nakivale na basi la usiku, mzee wa heshima, amevaa koti. Nikaeleza yangu. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Sasa dada, wewe unasema vizuri, lakini kesho saa mbili dada yangu iko na appointement, nani ataenda nae? Wewe?" Sikua na jibu. Nimekaa na vitabu vyangu na Minuchin wangu nikakosa jibu, maana ni kweli, mi namwondoa mtoto kwenye kazi bila kumweka mtu mwingine pale.

Basi tukaligeuza. Badala ya kusema binti asitafsiri tukasema kazi ipunguzwe na iwe na mwenyewe. Binti mwenyewe ndo aliandika, kwenye karatasi ya manila, nikamwachia kalamu. Sokoni ndio. Shuleni ndio, siku ya ripoti sio, "kwa sababu nitadanganya" (aliandika hivo hivo!). Hospitali hapana. Polisi hapana. Ofisi hapana. Majirani waje kumwomba mama kwanza. Hospitali na ofisi tukapata dada mmoja wa kanisa jingine mbali na kwao anayelipwa kidogo, na mjomba akaahidi nauli. Na mama atajifunza Luganda. Hapo mama aliruka, akasema kichwa chake kimeshajaa. Nikamwambia unauza vitenge mama, anza na namba tu na nkendeereza ko, maana hilo wateja wanakuambia kila siku, wanaomba uwapunguzie. Akasema hilo analijua, analichukia.

Faili pia ilihama. Hilo hatukuliandika popote. Siku moja niliona tu mama ndo ameishika.

Binti aliniuliza mara moja, tukiwa peke yetu, kama lile neno la kufa nililisikia siku ya kwanza. Nikamwambia nililisikia. Akauliza, mama anajua kwamba mimi nililisikia? Nikasema hilo ni la kuongea wewe na mama, mi nitakaa hapa kama mnataka. Watoto wote nawaambia mapema siri zao nitazitunza isipokua mtu akiwaumiza au wakitaka kujiumiza, hapo lazima nimwambie mtu mzima, au tupige 116 ile laini ya watoto ya bure, na sheria yenyewe inanitaka hivo. Ila hili halikua hilo. Waliongea Jumamosi iliyofuata, mkekani. Mama alimwambia, "Batoto banasikiaka vyote, nilisahau." Binti akalala kichwa mapajani kwa mama yake, lile goti lisiloingia chini ya dawati likiwa limekunjwa, na hawakusema kingine na mi nikaenda kuangalia birika ambalo halikua jikoni.

Mwezi uliopita mama alikuja peke yake. Amekuja na boda, amebishana bei mwenyewe, ameibiwa mia tano kasoro nadhani, lakini amebishana. Nikauliza binti yuko wapi. Akasema yuko kwenye kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wa mtaa, tangu asubuhi, na jana alirudi gauni la shule limepasuka ubavu. Akasema alimgombeza mpaka majirani wakatoka nje.

Nikamuuliza kwa lugha gani.

"Zote," akasema. Alafu akavuta kiti, kile cha karibu, akataka nimfundishe kwa Luganda unamwambiaje fundi cherehani kwamba hela utaleta Ijumaa.